Fimbo Ndani ya Hita

Jumamosi mchana, watu wa kambi ya Dry Fork walipokuwa wakipanga meza za chakula cha pamoja, Twyla Maddox alitoka nje ya trela lake na spana mkononi. Hita ya maji alikuwa ameizima tangu asubuhi. Alikuwa ameshafunga maji yanayotoka kambini na kufungua bomba la moto la sinki mpaka likaacha kutema. Hita yenyewe ilikaa ubavuni kwa nyuma, chini ya dirisha la chumba cha kulala, ndani ya kijimlango cha bati. Aliinua kikono cha valvu ya juu, pumzi iliyobaki ikatoka kwa mluzi, akangoja mluzi ufe. Baada ya hapo ndipo alipofungua nati kubwa ya chini. Nati ilitoka na fimbo yake, na nyuma ya fimbo yakafuata maji ya vuguvugu yenye punje nyeupe kama chokaa, yakamwagika kwenye changarawe na kunuka mayai viza.

Kila gari-nyumba lenye hita ya namna ile lina fimbo ya namna ile. Ni kipande cha metali ya magnesi, urefu wa mkono wa mtoto kuanzia kiwiko mpaka vidole, na kazi yake ni kukaa ndani ya tangi ili maji yaile fimbo yenyewe na kuliacha tangi. Kwa watu wengine hudumu mwaka, ikatoka imetafunwa kama gunzi la hindi. Ya Twyla iliwekwa mwezi uliopita. Nusu yake ilikuwa imebaki waya mtupu, na pale magnesi iliposhikilia bado, palikuwa na vishimo vinne vilivyojipanga, vishimo vya vifundo vya ngumi, na kando ya kimoja alama ya pete ya ndoa.

Bi Verlene Stroud, mjane aliyekuwa na kiduka cha vipuri getini na aliyewafundisha wanawake wote wa kambi kuosha hita, aliipokea akaigeuzageuza juani.

"Hii ya Jumanne?"

"Jumatano. Jumanne alichelewa kazini."

"Na bonde hili?"

"Kiti."

"Vile vya kukunja?"

"Vile vya kukunja."

Bi Verlene akatikisa kichwa. "Vile viti si vya kununua kabisa. Changu kilinivunjikia na mtu amekaa." Aligeuza fimbo tena, kidole gumba chake kikasimama karibu na ncha. Palikuwa na mikunjo mitano myembamba iliyoizunguka fimbo, kama pale mtu anaposhika kitu laini na kukikaza. Ilikuwa imezunguka kitu chembamba sana. "Hii si yako," alisema.

"Si yangu," alisema Twyla.

Wote wawili wakamtazama Marlee, binti yake Twyla wa miaka minne, aliyekuwa amekaa nyuma ya usukani wa pikapu ya baba yake, mlango wazi, akiendesha gari lisilowashwa kwenda anakokujua yeye. Bi Verlene aligeuka. Aliingia dukani kwake, akarudi na fimbo mpya na ule utepe mweupe wa mafundi bomba, akauzungusha vizuri kwenye nyuzi za nati.

Mambo hayo yalianza tangu siku walipohamia ndani ya trela, mwaka ule mumewe, Royce, alipopata kazi kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wakahama kutoka kwa mama yake. Mara ya kwanza alipompiga, Twyla alifumba macho akangoja maumivu, na maumivu hayakuja. Alihisi upepo shavuni, basi. Chini ya kitanda, ndani ya hita, kitu kikalia *ngo!*, kama mwiko unapogonga sufuria.

"Nini hicho?" Royce aliuliza.

"Hita."

Akapiga tena. Ikalia tena.

"Inataka matengenezo," Royce alisema, akaenda kulala.

Tangu hapo ndivyo ilivyokuwa. Aliyeoga maji ya hita ile, kipigo chake kilichukuliwa na fimbo. Twyla hakuwa na alama hata moja mwilini. Woga tu ndio fimbo haikuuchukua. Huo ulibaki kwake wote, na alijua kwamba mtu akisikia hatua za mumewe kwenye ngazi za bati, hakuna kipuri cha kumsaidia. Lakini mtoto alilala. Mtoto aliamka na ngozi nzima. Kwa ajili hiyo Twyla alijifunza kufungua ile nati kwa haraka kuliko mafundi, na kila alipoona magnesi inakaribia waya, alikwenda kutafuta nyingine siku ileile.

Aliwahi kwenda kwa sherifu. Alitia fimbo zilizotumika ndani ya mfuko wa sokoni, akazipanga juu ya meza ya afande Cates, msaidizi wa sherifu, mtu mpole mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Afande alizikagua moja moja.

"Hii ngumi," alisema. "Hii kiganja. Hii... buti?"

"Buti, afande."

"Buti la kazi, lenye chuma mbele. Linaonekana." Akavua kofia. "Na wewe unaumwa wapi, dada?"

"Siumwi popote."

"Basi hapo ndipo tunapokwama. Fimbo haiwezi kushtaki, dada yangu. Ningekuwa na jicho jeusi hapa, au mbavu, ningeenda kumchukua sasa hivi." Alimshauri abadilishe fimbo mapema, asingoje iishe. Aliomba abaki na moja. Ilikuwa nzito vizuri, na feni ya ofisini ilikuwa ikimpeperushia karatasi.

Jumamosi ile, basi, fimbo mpya ikiwa imeshafungwa, walikaa kula. Watu wa Dry Fork hula pamoja kila Jumamosi, meza zimeunganishwa katikati ya matrela, kila nyumba na bakuli lake: nyama ya kifua iliyoiva kwa moshi tangu alfajiri, maharage, mkate wa mahindi, pudini ya pichi. Mbele yao, kule uwandani, miali ya gesi ya visima iliwaka mchana kweupe. Royce Maddox alikuwa amekaa katikati, na pale Royce alipokaa ndipo palipokuwa katikati. Alikuwa mtu wa watu. Gari likikwama mchangani, Royce huyo. Mzee akishindwa kusawazisha trela lake, Royce huyo na jeki begani. Alikuwa na kicheko kinachowafanya watu wacheke kabla hawajajua cha kuchekea.

Siku ile kichekesho kilikuwa yeye.

"Royce," alisema Lonnie Pruitt, mwenzake wa mtamboni, "hebu niambie ukweli kama kaka. Umelala na kuku, au umeyalalia mayai?"

"Mwache," akadakia mwingine. "Huoni mwenzio anatamia?"

"Juzi kwenye lifti ya mtambo nikafikiri gesi imevuja. Nikavaa barakoa. Kumbe ni Royce ametoka kuoga!"

Meza nzima ikacheka. Royce alicheka kuwashinda wote, akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Twyla alitazama sahani yake. Alikuwa ameshaona kwamba macho ya Royce hayakucheka.

Maji ya Dry Fork yana kiberiti, yaani salfa, tangu ardhini, na kiberiti kikikutana na magnesi inayoliwa hunuka. Kadiri fimbo inavyoliwa kwa kasi, ndivyo maji yanavyonuka. Hakuna trela kambini lililonuka kama la Maddox, na kila mtu pale mezani alijua kwa nini, na hakuna aliyedhani ni jambo la kusemwa wakati wa kula.

"Toa ile fimbo," Lonnie alimshauri, mdomo umejaa. "Mimi yangu niliitupa, nikaweka kizibo cha shaba. Hainuki hata chembe."

"Na tangi lako likaoza ndani ya mwaka," alisema Bi Verlene.

"Tangi nitanunua jingine, Bi Verlene. Mimi nimeshanuka vya kutosha, nina mke wa kumtafuta!"

Wakacheka tena. Usiku ule hita ililia mpaka majirani wakaongeza sauti za televisheni. Jumapili maji yalinuka kupita siku zote.

Jumatatu mchana Twyla alimwogesha Marlee kwenye kibafu chao kidogo. Alimpaka shampuu, akamsugua nyuma ya masikio, akainama kumbusu utosini kama kawaida yake. Akasimama hapohapo, midomo juu ya nywele.

"Mama, macho," alisema Marlee. "Shampuu."

Nywele zilinukia tufaha. Zilinukia tufaha tu.

Alimfunga mtoto taulo, akambeba, akatoka nje akafungua kijimlango cha bati. Pale palipokuwa na nati ya fimbo paling'aa kizibo kipya cha shaba. Fimbo yenyewe aliiona kwenye pipa la taka la kambi, juu ya magamba ya mayai, imepindwa mara mbili kwenye goti la mtu.

Bi Verlene alikuwa na moja ya mwisho. Aliitoa chini ya meza ya duka na kumkabidhi ikiwa bado kwenye boksi lake la karatasi.

"Ameitoa lini?"

"Lazima ni asubuhi, hita ikiwa bado haijawashwa, akienda kazini."

"Tangu hapo amekugusa?"

"Hayupo."

"Basi hujachelewa. Lakini usiifungue sasa hivi, maji yanachemka mle. Zima. Acha yapoe, yachukue muda wake. Kisha uinue kikono, utoe pumzi yote. Ukifungua ikiwa na pumzi, kile kizibo kitatoka kama risasi na maji nyuma yake, yatakuchuna."

"Najua, Bi Verlene." Twyla alimhamisha Marlee bega la pili. Maji yalimchuruzika mtoto kwenye visigino. "Tungekaa hapa kwako mpaka yapoe?"

Bi Verlene alitazama barabara, kisha akatazama rafu zake: taa, vioo vya pembeni, chupa za maji ya betri.

"Atakuja kuwatafuta hapa, mwanangu. Na hapa kuna vioo vingi."

Kwa hiyo Twyla alirudi, akazima hita, akaweka fimbo mpya juu ya kabati la jikoni, akapika. Alimvalisha Marlee, akapiga magoti mbele yake, wakawa sawa kwa macho.

"Leo tunacheza mchezo wa panya," alimwambia. "Panya wanakulaje?"

"Kimyakimya."

"Na wakimaliza?"

"Wanaenda shimoni kwao."

"Haya. Panya wangu mzuri."

Royce alirudi jua likiwa bado juu. Alivua buti ngazini, akaingia akiimba. Alikuta swichi ya hita imezimwa. "Nani kazima? Mwanamume anatoka kazini anakuta maji baridi?" Aliiwasha tena, akakaa na bia yake mpaka maji yakachemka, akaoga. Maji yaliyokuwa yameanza kupoa, mpango wote wa Twyla, vikaishia hapo. Royce alitoka na taulo kiunoni, amependeza, akamletea mkewe shingo.

"Nusa."

Twyla akanusa.

"Eti?"

"Sabuni tupu."

"Sabuni tupu! Kesho nitamshika Lonnie Pruitt kichwa nimtie kwapani!" Akamrusha Marlee juu, akamdaka. Marlee akacheka, akakumbuka yeye ni panya, akaziba mdomo.

Walikaa kula nyama ya kukaanga na mchuzi mweupe, vile Royce alivyopenda. Twyla alihesabu matonge ya mtoto. Yalikuwa yamebaki machache.

"Maji hayanuki," alisema Marlee, kwa sauti ndogo, ya panya, "kwa sababu baba alitoa fimbo. Lakini mama amechukua nyingine kwa Bi Verlene."

Royce aliweka uma chini.

"Umekwenda kumwambia Verlene?"

"Nilikwenda dukani," alisema Twyla.

"Nimekuuliza umemwambia nini."

"Marlee, umeshiba? Nenda kitandani, mama."

"Hajashiba. Akae." Royce hakupandisha sauti. "Kambi nzima inanicheka, natengeneza kitu kimoja, kimoja tu, ndani ya nyumba yangu, na mke wangu anapita mlango kwa mlango kukitengua."

Marlee alitaka kushuka kitini. Kiwiko chake kiligonga bakuli la mchuzi, likapinduka, mchuzi ukakimbia mezani mpaka mapajani kwa Royce. Royce aliinuka. Mkono wake ulikwenda juu, na ulikokuwa ukielekea palikuwa padogo, pana nywele zenye kunukia tufaha. Twyla akaingia katikati.

Hita haikulia. Kilicholia kilikuwa jino la Twyla.

Alikaa chini bila kukusudia. Chumba kiliinama, kikarudi. Mdomo wake ulijaa kitu cha moto, akakitema kiganjani, na ndani ya damu mlikuwa na kipande cheupe kama zile punje za hita. Alishangaa kidogo tu, kwamba inauma kiasi hiki na wanawake wengine wanapika baada ya hapo.

Royce alikuwa akitazama ngumi yake. Kifundo kimoja kilikuwa kimechanika. Kwa muda wote wa ndoa yao alikuwa kama mtu anayepiga mto.

"Kumbe una mfupa," alisema.

Marlee alikuwa amejibanza chini ya meza, amemshika mama yake kifundo cha mguu.

"Angalia hii damu," alisema Royce. Rangi ilikuwa imemtoka. Hakupenda kuona damu. Hata sungura aliwaachia wenzake kuchinja. "Kwa nini hukusema? Angalia ulivyovimba. Siwezi kukupiga hivi, Twyla. Nitakuumiza." Akaliona boksi juu ya kabati. Akalishusha, akaitoa fimbo, akaipima mkononi, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata ufumbuzi. "Ndiyo hii? Lete spana. Naiweka sasa hivi. Tusilale hivi."

"Zima hita kwanza," alisema Twyla. Maneno yalitoka yamevimba.

"Usinifundishe kazi. Mimi nashika mitambo yenye nguvu za kuruka na trela lako hili."

Alitoka na taulo lake kiunoni, kifua wazi, spana mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Twyla alisikia kijimlango cha bati kikifunguka. Alisikia spana ikishika kizibo. Palikuwa na jambo la pili la kusema, la kikono, la pumzi, na lilikuwa limefika kwenye ulimi wake pamoja na damu. Alilimeza pamoja na damu. Alimvuta Marlee kutoka chini ya meza, akambeba, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka mpaka upande wa pili wa pikapu, akachuchumaa nyuma ya gurudumu na kumziba mtoto masikio.

"Tunaenda wapi leo?" Marlee aliuliza. Ndivyo alivyouliza siku zote walipokuwa karibu na pikapu.

"Fumba macho, mama."

Kizibo kilitoka kama Bi Verlene alivyosema. Kilimpata Royce kwenye mfupa wa kifua na kumkalisha, na nyuma yake yakaja maji ya tangi zima, mkondo mnene kama paja, yakamkuta kifuani, mikononi, shingoni, usoni. Hakuna fimbo iliyochukua chochote. Yule mtu alipiga yowe ambalo mpaka leo wako wanaolikumbuka kule barabara kuu. Alijaribu kusimama akatelezea maji yaleyale, akaanguka ndani yake tena. Ngozi ya mikono ilimvuka kama glavu. Watu waliacha sahani zao, wakaja mbio, wengine walikuja na barafu, wengine na mablanketi, na Lonnie Pruitt alimshika kichwa mapajani akalia kama mtoto, akisema, "Ndugu yangu, ndugu yangu, na sasa hivi ulikuwa hunuki."

Afande Cates alifika pamoja na gari la wagonjwa. Alimpiga picha Royce akiwa kwenye machela, akapiga picha hita, akaokota kizibo kwa kalamu. Kisha akamwendea Twyla, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na mtoto aliyelala begani.

"Na wewe dada, huo mdomo?"

"Mkono wa Royce."

"Kabla ya maji au baada?"

"Kabla."

Afande aliinama akauangalia mdomo kwa taa yake, kwa makini, kwa huruma. "Hili sasa ni jeraha," alikiri. Twyla akangoja. Afande alitazama lile gari la wagonjwa likiondoka na taa zake, akatazama watu wa kambi waliosimama wakifutana machozi. "Lakini wakati huo hita ilikuwa na fimbo?"

"Alikuwa ameitoa."

"Unaona." Akaandika. Alimsomea alichoandika ili akubaliane nacho: majeruhi wawili, mume na mke, chanzo ni hita kukosa matengenezo. "Nilikuambia ubadilishe mapema," alisema, bila ukali, akamgusa bega.

Jumamosi ya kwanza baada ya Royce kutoka hospitali, meza ziliunganishwa ndefu kuliko kawaida, kwa ajili yake. Watu walichanga. Tangi jipya lilinunuliwa, na wale wanaume waliomcheka walikuja na vyombo vyao kulifunga, mashati yamekunjwa mikono, jasho linawatoka, kwa upendo. Royce mwenyewe walimwekea kiti kivulini, kiti cha mbao, si cha kukunja. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji nyeupe mpaka mabegani. Aliwaelekeza kwa kidevu. "Kaza kidogo. Hapo. Utepe, Lonnie, usisahau utepe." Walipomaliza aliwashukuru kwa kuinua zile bendeji zake, na hakuna jicho lililobaki kavu pale.

Fimbo iliwekwa na Bi Verlene mwenyewe. Alikuwa ameiagiza mahususi kutoka mjini, nene kama mguu wa meza.

"Hii itakaa," alimwambia Twyla. "Hii hata yeye atazeeka iko nusu."

"Bi Verlene," alisema Twyla. Pengo la jino lilimfanya aseme taratibu. "Ungeniazima gari lako siku moja. Moja tu. Mimi na Marlee."

Bi Verlene alikaza nati, akaijaribu kwa kidole kama inavuja. Haikuvuja.

"Gari langu bovu, mwanangu," alisema. "Fimbo ndizo ninazo."

Bendeji zilitolewa kabla ya baridi kuanza. Mikono ilikuwa myekundu, inang'aa, imekazana kama ngozi ya ngoma, na daktari alimwambia Royce aifanyie mazoezi, aikunje na kuikunjua. Alifanya. Twyla alikuwa akimwona jioni, amekaa kitandani, anakunja vidole kimoja kimoja mpaka ngumi ikapatikana, anaifungua, anaikunja tena.

Jumamosi moja Twyla alikuwa akimwogesha Marlee ili waende kula. Nje meza zilishapangwa, nyama ilishakatwa, kicheko cha Lonnie kilifika mpaka ndani. Shampuu ilinukia tufaha, na chini ya tufaha mlikuwa na harufu hafifu sana ya yai. Royce alikuwa akitafuta shati lake la bluu. Hakulipata. Aliuliza liko wapi, Twyla akasema liko kwenye kamba, bado bichi. Royce alikuja mpaka mlango wa bafu.

Ulikuwa upepo tu, shavuni. Chini ya kitanda, tangi jipya likalia *ngo!*, sauti nene, safi, kama kengele ya shule. Nje watu walinyamaza. Mtu mmoja alisema kitu, kwa sauti ya Bi Verlene, na wengine wakaitikia. Kisha vijiko vikarudi kwenye sahani.

Marlee alinyoosha mkono wake wenye povu, akaweka kiganja kwenye ubao, pale hita ilipokuwa nyuma yake, kama mtu anayempima mgonjwa joto. Akasikiliza mpaka ubao ukaacha kutetemeka.

"Imeshika, mama," alisema.

Twyla akammwagia maji kichwani, taratibu, mkono wake mmoja ukiwa kwenye paji la mtoto ili shampuu isiingie machoni.